Aliyewahi kuiba asihukumiwe kwa wizi wa zamani

Ndugu yangu, umeuliza kama kifungo cha kaka yako cha miaka ile kinaweza kutumika kumtia hatiani kwenye kesi hii mpya ya wizi. Kwa maoni yangu, hapana, na hilo nalisimamia. Hakimu akishasikia "huyu alishafungwa", masikio yake hayamsikii tena shahidi anayebabaika kueleza alimwonaje mtu gizani. Pengo la ushahidi linazibwa na jina baya.

Ila kuna mlango mmoja ambao makosa ya zamani yanaweza kuingilia mahakamani, mjiandae nao. Katika kesi ya Makin ya mwaka 1894, iliyotoka Australia, miili ya watoto wachanga ilikutwa imefukiwa kwenye nyua za nyumba kadhaa walizowahi kupanga washtakiwa, walioshtakiwa kumuua mtoto mchanga. Ushahidi huo ulipokelewa kwa sababu ulivunja utetezi kwamba kifo kilikuwa cha bahati mbaya, si kwa kuwa ulionyesha tabia mbaya. Uingereza nayo ilipanua mlango huo kwa sheria yake ya kesi za jinai ya 2003.

Kwa hiyo mwambieni wakili apinge rekodi hiyo mapema, kabla shahidi hajafungua mdomo. Na kaka asijisifu kizimbani kuwa hajawahi kukosea. Akisema hivyo, mwendesha mashtaka ataomba kumkanusha kwa rekodi ile ile.