Jibu: Kukubali si kutolia

Ndugu yangu, pole sana kwa msiba wa mkeo. Nimekuelewa: umesoma mafundisho ya Tao (falsafa ya kale ya China) yanayosema tupokee mambo yanavyokuja, na sasa unajilaumu kwa sababu miezi imepita na bado unalia ukiona kanga zake.

Hebu soma kisa cha Zhuangzi, mwanafalsafa wa China wa karne ya 4 KK. Kimo katika sura ya 18 ya kitabu chenye jina lake. Mkewe alipofariki, rafiki yake Huizi alikwenda kutoa pole akamkuta amekaa chini, miguu kaitanua, anapiga beseni na kuimba. Huizi akamkemea. Wengi huishia hapo, wakadhani mtu wa Tao hana uchungu. Endelea kusoma: Zhuangzi anamjibu kwamba mwanzoni naye aliumia kama mtu yeyote. Utulivu ulikuja baadaye, alipotafakari kuwa uhai na kifo hufuatana kama majira manne ya mwaka.

Kwa hiyo lia. Kujilazimisha kutulia ndiko hasa inakokataa wu wei, yaani fundisho la Tao la kutenda bila kulazimisha mambo. Kanga usizigawe eti kwa kuwa shangazi kasema muda umefika (hayo mashinikizo ya baada ya arobaini siyapendi kabisa). Kula, oga, toka nje jioni, hata ukiishia dukani tu.

Ila kama hulali, huli, au unawaza kujiua, weka vitabu pembeni. Mwambie mtu wa karibu leo hii, akusindikize hospitali ukaonane na mtaalamu wa afya ya akili.