Mdogo wangu ameshtakiwa na hatuna pesa za wakili

Pole sana, dada. Umeuliza kama mdogo wako, aliyeshtakiwa wizi wa mabavu hapa Kenya, anaweza kupewa wakili na serikali. Anaweza, ila haiji yenyewe, aombe.

Kifungu cha 50(2)(h) cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa wakili kwa gharama ya serikali iwapo kumkosa kutaleta dhuluma kubwa. Katika kesi ya Karisa Chengo, mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilitaja mambo ya kupimwa, yakiwemo uzito wa shtaka, ukali wa adhabu, ugumu wa kesi na uwezo wa mshtakiwa kulipa. Wizi wa mabavu kisheria adhabu yake ni kifo, kwa hivyo hoja yake ni nzito.

Akisimama kizimbani amwambie hakimu waziwazi: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kulipa wakili, naomba mahakama inipatie." Aombe maneno hayo yaandikwe kwenye rekodi ya kesi, maana mkifika rufaa ndiyo yatakayosomwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inaitaka mahakama iiarifu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, lakini usingoje. Nenda ofisi yao na nakala ya hati ya mashtaka.

Na hao wanaomshauri akiri kosa "mambo yaishe haraka", tafadhali asiwasikilize kabisa. Inaniuma kuona kijana akikiri asichokielewa. Ana haki ya kunyamaza, na ya kupewa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka utautumia.