TRUNCATE inapokataa kufuta jedwali la wanachama

Swali: Mhariri, ninatunza hifadhidata ya MySQL ya chama chetu cha akiba na mikopo hapa Kondele, Kisumu. Kabla hatujaanza kuitumia rasmi, nataka kuondoa data za majaribio, lakini amri ya TRUNCATE, inayoondoa rekodi zote za jedwali kwa mkupuo, hukataa kufuta jedwali la wanachama hata baada ya kumaliza rekodi zote za jedwali la mikopo. Mwenzangu ananishauri nizime ukaguzi wa funguo za kigeni, yaani viungo vinavyofanya rekodi za jedwali moja zirejelee za jedwali jingine. Je, nimfuate?

Jibu: Ndugu msomaji, TRUNCATE haipitii rekodi moja moja kama DELETE ifanyavyo, bali hulibomoa jedwali na kuliunda upya. Kwa hivyo MySQL haichunguzi kama mikopo imebaki au imekwisha. Huikataa amri hiyo maadamu kuna ufunguo wa kigeni unaolirejelea jedwali la wanachama kutoka jedwali jingine.

Mwenzako hajakupotosha, ila ushauri wake una mwiba. Ukiandika SET FOREIGN_KEY_CHECKS = 0, ukaguzi huzimika katika muunganisho wako tu, na ukiurejesha kwa 1, MySQL hairudi nyuma kukagua rekodi zilizokwishakuwamo. Tuseme umefuta wanachama ukasahau jedwali la wadhamini: kwa kuwa TRUNCATE huanzisha namba upya, mwanachama halisi wa kwanza atapewa namba 1 na kurithi udhamini wa mtu wa majaribio, wala mfumo hautalalamika. Afadhali amri iliyokataliwa kuliko kosa kama hilo, ambalo halionekani mpaka mtu aje ofisini kulalamika kwamba hakumdhamini yeyote.

Kwa data chache kama zenu, mimi ningetumia DELETE, nikianza na malipo na wadhamini, kisha mikopo, na kumalizia na wanachama, kazi yote ikiwa ndani ya muamala mmoja, yaani kundi la amri zinazokubaliwa au kutenguliwa kwa pamoja. Majedwali yakiwa ya InnoDB, mojawapo ya injini za MySQL za kuhifadhi data, ROLLBACK itarudisha kila kitu ukigundua kosa kabla ya COMMIT, amri inayothibitisha muamala, nafasi ambayo TRUNCATE ya MySQL haikupi. Namba zianzishwe upya kwa ALTER TABLE wanachama AUTO_INCREMENT = 1, lakini baada ya COMMIT, kwa sababu amri hiyo nayo hufunga muamala bila kukuuliza.

Siku mkihamia PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, mtaweza kuyataja majedwali yote katika TRUNCATE moja na bado kuitengua kwa ROLLBACK. Msikimbilie tu kuongeza CASCADE, maana itafuta pia data za kila jedwali linalorejelea hayo mliyoyataja, hata lile ambalo hamkulikusudia.