Harusi Moshi, bibi harusi Leeds

SWALI
Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi, naishi Leeds, Uingereza. Tunafunga ndoa Moshi, Jumamosi inayofuata Krismasi. Mchumba wangu yuko Dodoma, na mimi nimepewa likizo ya wiki mbili tu. Grupu la kamati lina watu 46, kila mmoja ana ukumbi wake na MC wake. Mama nikimuuliza hunijibu, "Wewe njoo tu." Silali. Nianzie wapi?

JIBU
Marahaba, mwanangu. Anzia kanisani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa, na matangazo kanisani husomwa Jumapili tatu. Ukisubiri mpaka ushuke uwanja wa ndege wa KIA, wiki zako mbili hazitoshi. Mchumba wako apande basi akaonane na mchungaji ana kwa ana. Wewe omba barua kwenye kanisa unalosali huko.

Ukumbi usiuchague kwa picha. Binti yangu naye aliolewa akitokea ng'ambo. Ukumbi alioupenda aliuona kwenye simu, usiku, taa zinawaka, maua kila meza. Nikaenda mwenyewe Jumamosi moja, watu wana sherehe yao, nikasimama karibu na jikoni. Umeme ukakatika. Kumbe jenereta liko chini ya dirisha la meza kuu! Lilipowashwa, nikamwona baba wa bwana harusi anatoa nasaha, mdomo unacheza, hakuna anayemsikia. Tukatafuta kwingine.

Kwa hiyo pata mtu mmoja pale Moshi, dada au rafiki uliyesoma naye, asiyeona haya kukwambia "hapa hapafai". Huyo ndiye azungumze na mwenyekiti wa kamati. Mabishano ya grupu yaache. Advansi ilipwe kwa mwenye ukumbi moja kwa moja, risiti iwe na tarehe na jina lako, tena mapema, maana Desemba Wachagga wanarudi nyumbani na kumbi zinagombaniwa.

Lakini lililonigusa zaidi ni la mama. Nahisi anaogopa kukuongezea mzigo, nawe umetoka zamu ya usiku. Mimi nilimwambia binti yangu maneno hayo hayo, kumbe namfungia nje ya harusi yake mwenyewe. Alilia siku aliyoniambia. Usimuulize yote kwa mkupuo. Mpigie Jumapili, akishatoka ibadani, umuulize moja tu: ndafu, yule mbuzi mzima wa harusi, atachoma nani?