Je, kuomba kimya ni dalili ya pepo bubu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Tukuyu na ninasali katika Kanisa la Moravian. Katika ibada zetu za nyumba kwa nyumba huwa tunaomba wote kwa sauti, lakini mimi hujikuta nimenyamaza, na kiongozi wetu amesema huenda nina pepo bubu. Alfajiri nikiwa peke yangu najaribu kukaa kimya mbele za Mungu, ila haupiti muda nimeshaanza kuwaza mikungu ya ndizi ya kupeleka sokoni na ada ya shule. Je, ninakosea? Au maombi ya namna hii ni ya watawa wa Kikatoliki tu? Na kiongozi wangu nimwambie nini?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Amina, mama. Nianze na hilo la pepo bubu, kwa kuwa naona ndilo lililokuumiza. Kijana wa Marko 9 alifungwa kinywa na kuteswa tangu utoto, akitupwa motoni na majini. Hali yake haifanani hata kidogo na ya mtu anayezungumza na jirani zake kutwa nzima, kisha akachagua mwenyewe kunyamaza mbele za Mungu. Anayefanana nawe ni Hana katika 1 Samweli 1, aliyeomba moyoni huku midomo ikitikisika bila sauti kusikika, hata Eli, ambaye alikuwa kuhani, akamdhania kuwa amelewa. Hana hakumvunjia heshima wala hakuacha kuomba. Alimweleza kwamba alikuwa akiimimina roho yake mbele za Bwana, na Eli akamruhusu aende kwa amani.

Kuhusu watawa, ni kweli kwamba wao wameitunza sana njia hii. Masista Wabenediktini wa Imiliwaha, kule Njombe, wanaishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo sura yake ya 42 inaagiza kimya baada ya sala ya mwisho ya usiku. Lakini Bwana Yesu hakuwa mtawa wa shirika lolote alipotoka alfajiri na mapema, kungali giza bado, akaenda mahali pasipokuwa na watu kuomba (Marko 1:35).

Sasa mawazo yanayotangatanga. Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania wa karne ya 16 anayehesabiwa miongoni mwa walimu wakubwa wa sala, aliandika kwamba kwa miaka kadhaa alitamani saa ya sala iishe, masikio yake yakingoja kengele. Na wamonaki wa Misri, kama alivyoeleza Yohane Kasiano katika karne ya 5, walijifunza kuirudisha akili kwa mstari mmoja wa Zaburi ya 70: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima."

Wewe huna haja ya kwenda mbali. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, walianza kuchapisha andiko fupi la kila siku ya mwaka tangu 1731, muda mrefu kabla wamisionari wao hawajafika Rungwe mwaka 1891. Lichukue andiko la siku hiyo, ulisome mara mbili kwa sauti ya chini, ushike maneno yake matatu au manne, kisha unyamaze. Ndizi zikikujia akilini, usigombane nazo. Yarudie yale maneno, hata kama itakulazimu kufanya hivyo mpaka mwisho wa kipindi. Ada ya shule naiona tofauti: jambo linalorudi kila asubuhi lina uzito, basi mwambie Mungu waziwazi kiasi unachodaiwa na tarehe ya mwisho ya kulipa, halafu urudi kwenye kimya. Dakika kumi zinatosha. Wanaoagiza saa nzima, nadhani, hawana moto wa kuwasha wala watoto wa kuwahisha shule.

Kuhusu kiongozi wako, usimjibu mbele ya watu. Mngojee mkiwa wawili baada ya ibada, umsomee habari ya Hana, na umwombe akuruhusu kunyamaza wakati wengine wanapoomba. Kwa upande wako, zamu yako ya kuwaombea wagonjwa ikifika, omba kwa sauti, hata kwa sentensi mbili, kwa sababu mgonjwa aliyepo hapo anahitaji kusikia jina lake likitajwa.