Imani ikikauka, anza na embe za wizi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kasulu aliniandikia: "Dada, naenda Misa kila Jumapili, lakini natoka kama nilivyoingia. Wewe ulifanyaje?" Nilimjibu mistari miwili tu, kisha nikaona nimemdhulumu. Namjibu hapa kwa kirefu, maana najua hayuko peke yake. Nyote mnaonisoma mnatamani ninachokitamani mimi, imani isiyoishia kwenye sare ya kwaya.

Nianze na aibu yangu. Nilikaa miaka minne bila kupokea komunyo. Baba alipofariki, viongozi wa jumuiya walikuja msibani, wakakaa mkekani, na badala ya kuanzisha rozari wakafungua daftari. Baba alikuwa ameugua miaka miwili, hahudhurii, michango yake imesimama. Wakaanza kujadiliana kama anastahili kuzikwa na padri, na mama yuko chumba cha pili anasikia kila neno. Mwishowe alizikwa vizuri. Paroko alikuja mwenyewe na akawakemea. Lakini lile kaunta buku nalikumbuka hadi rangi ya jalada lake, na sitawadanganya kwamba nimesahau.

Miaka minne ile haina cha kusimulia. Nilifanya kazi, nikalala, Jumapili nikafua.

Kilichonirudisha si semina wala mkesha. Ni kitabu kichakavu nilichokikuta sokoni Mwanga, hapa Kigoma, kimebanwa katikati ya vitabu vya kidato cha nne: Maungamo ya Mtakatifu Augustino, kwa Kiingereza kigumu. Nilikinunua kwa sababu kichwa chake kilinichekesha. Nilidhani ni cha kuwaandaa watoto kwa kitubio.

Huyu Augustino, askofu mzima, anasimulia kwamba alipokuwa na miaka 16 yeye na wenzake waliiba mapeasi ya jirani usiku. Hawakuwa na njaa, na kwao yalikuwapo mazuri kuliko hayo. Waliyaonja kidogo, mengine wakawatupia nguruwe. Halafu anajaza kurasa kwa kurasa akijiuliza kwa nini alifanya vile, habari ya matunda!

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi nimekulia Ujiji, mji wa miembe. Hata wageni wakija kuona mahali Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871, huonyeshwa miembe. Uani kwetu ilikuwapo miwili. Na bado nilikwenda kuiba embe kwa bibi mmoja mjane, mbichi, chachu, tukazitupa mtaroni. Niliziiba kwa sababu wenzangu walikuwa wananitazama. Tangu kipaimara nimekuwa nikiungama "nimesahau sala za asubuhi", na embe za yule bibi sijawahi kuzitaja hata mara moja. Mtu aliyeandika zaidi ya miaka 1,600 iliyopita ndiye aliyenishika mkono zikiwa bado mfukoni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: soma polepole. Mimi nilisoma kurasa mbili kwa siku, alfajiri, kabla sijawasha jiko. Kitabu kilinichukua miezi saba. Usikimbilie kutafuta fundisho. Soma, funga kitabu, chemsha chai.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonipigisha magoti. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi tunayoiita leo Aljeria. Na Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, walianzishwa huko huko Algiers mwaka 1868 na Askofu Lavigerie. Msafara wao wa kwanza ulitoka Bagamoyo mwaka 1878, ukamzika mmoja wao njiani, ukaingia Ujiji Januari 1879. Kanzu zao nyeupe ziliigwa kutoka mavazi ya watu wa Aljeria. Fikiria Waislamu wa Ujiji walivyowatazama wazungu waliovaa kanzu, na rozari shingoni! Mimi nilizaliwa hatua chache kutoka njia waliyopita, na hakuna katekista aliyewahi kuniambia kwamba imani iliyofika ziwani kwetu ilianza safari katika nchi ya Augustino. Tulikaririshwa majibu. Tulikuwa hodari sana wa majibu.

Huko huko Aljeria nikakutana na filamu. Mwaka 1996 wamonaki saba wa Tibhirine walitekwa wakauawa, na mwaka 2018 walitangazwa wenyeheri pamoja na wafiadini wengine kumi na wawili, wanne kati yao White Fathers. Filamu yao, Of Gods and Men, ilitoka mwaka 2010. Wanabishana kama waondoke au wabaki. Wanaogopa. Mmoja anasali usiku na hapati jibu. Karibu na mwisho wanakaa mezani, wanakunywa divai, muziki unatoka kwenye redio ya kaseti, na hakuna anayesema neno. Nyuso tu. Wanaanza na tabasamu, wanaishia machozi. Nimeitazama mara nne na sijaweza kumweleza mtu kwa nini nalia.

Mwezi uliopita nikaamua kuwaonyesha vijana wa kigango chetu. Nikaazima projekta, nikasimama pembeni natafsiri kama wale wa kwenye vibanda umiza. Walikuja ishirini na watatu. Baada ya nusu saa walibaki sita. Kiongozi mmoja (sisemi nani, atajijua) akatoka akisema kwa sauti, "Filamu gani ya dini haina hata muujiza mmoja?"

Niliumia, na bado naumia. Lakini ndugu zangu, hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Tunataka Mungu aongee kwa spika. Tukiwekewa ukimya dakika tatu tunashika simu. Tunasali novena tatu kwa mpigo na hatujawahi kuutazama uso wa mtu anayekula. Polepole! Nimesema polepole kwenye kitabu, nasema polepole kwenye filamu. Zima simu, tazama, usiulize inafundisha nini.

Tulipokaribia ile sehemu ya mezani, umeme ukakatika.

Tukatoka nje, sisi saba. Kulikuwa na kiza, mwezi haupo, na ziwa lote limejaa taa za wavuvi wa dagaa, utadhani kuna mji mwingine upande wa Kongo umesogea usiku. Mimi nimeziona taa zile maisha yangu yote. Kijana mmoja, baba yake anavua Kibirizi, akatueleza kwamba mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hupumzika, kwa sababu dagaa hawaifuati taa kama kuna mwanga mwingine. Lazima kiwe kiza kwanza. Nikamwambia arudie. Akarudia, akishangaa mtu mzima wa Ujiji halijui hilo. Chini ya taa zile ni ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470 pale lilipo refu kabisa, na hakuna aliyesema kitu. Nusu saa nzima. Umeme uliporudi tuliiona taa ya ukumbi ikiwaka, tukabaki nje.

Kwa hiyo sehemu ya mezani hawajaiona. Nimeazima projekta tena, Jumamosi hii baada ya masifu ya jioni. Dada wa Kasulu, ukipanda gari la asubuhi utawahi. Njoo na kitenge cha kujifunika miguu, mbu wa pale ukumbini hawana huruma.