Kabla ya Kufungua Biashara Isiyokuwepo Mtaani

Mtu akigundua kwamba eneo zima halina huduma fulani, hesabu ya kwanza inayomjia ni hii: hakuna mshindani, basi wateja wote ni wangu. Ni hesabu tamu, na imemaliza mitaji ya wengi. Chukua mfano wa dobi anayezifuata nguo mlangoni, kuzifua, kuzipiga pasi na kuzirudisha. Mtaa usio na dobi wa namna hiyo haujajaa watu wenye nguo chafu. Wanafua wenyewe, wanamlipa mtu aje kufua, au wanapeleka kwa ndugu mwenye mashine. Hao ndio washindani wako, na baadhi yao hawatozi kitu.

Kwa hiyo usiulize watu, "Je, ungeipenda huduma hii?" Wataitikia ndiyo kwa adabu tu. Tafuta watu 30 usiojuana nao, waulize yaliyokwisha kutokea: nguo zako za mwisho zilifuliwa lini, na nani, ulilipa kiasi gani, kipi kilikukera? Asiyekumbuka kero yoyote mwache. Aliyenung'unika mwombe arabuni ya mzigo wa kwanza, hata robo ya bei, umwandikie risiti yenye tarehe ya kufuatwa. Arabuni za watu watatu zinatuambia mengi kuliko sifa za watu kumi. Ukighairi, warudishie pesa zao bila kuzungushana.

Sasa hesabu yenyewe, na hapa usiwe na haraka. Tuseme mzigo mmoja unautoza 1,000. Maji, sabuni na umeme vinakula 250, mfuaji 300, usafiri 150. Unabaki na 300. Kama pango, leseni, simu na mshahara wako vinafika 90,000 kwa mwezi, unahitaji mizigo 300 ili usipate hasara wala faida. Kwa siku 26 za kazi ni mizigo kama 12 kila siku. Mteja akileta mara mbili kwa mwezi, unatafuta watu 150; akileta mara moja, unatafuta 300.

Penye mtego ni kwenye ile 150 ya usafiri. Imepatikana kwa kudhani kwamba safari moja inagharimu 600 na inabeba mizigo minne. Ikibeba miwili, usafiri unakuwa 300 kwa mzigo, faida inashuka hadi 150, na mizigo unayohitaji inaruka kutoka 300 hadi 600. Ikibeba mmoja, unampa mteja 150 kutoka mfukoni mwako kila unapomhudumia, na kadiri unavyouza ndivyo unavyozama. Ndiyo maana kumkubali kila anayepiga simu kutoka kila kona ni kosa, ingawa mwanzoni kunaonekana kama bidii. Anza na mitaa miwili inayopakana, siku mbili maalumu za kufuata nguo, na uwe na ujasiri wa kumwambia wa mbali kwamba zamu yake bado.

Ofisi au nyumba ya wageni inayolipa baada ya siku 30 nayo ipigie hesabu. Mizigo 100 kwa mwezi, kila mmoja ukiwa umekugharimu 700, ni 70,000 zako zimelala kwao wakati sabuni inaisha. Kama huna akiba hiyo pembeni, kataa au omba nusu mapema.

Leseni ni jambo fupi: huduma mpya huenda isiwe na fungu lake kwenye orodha ya ofisi inayohusika, hivyo omba jibu la maandishi, si la mdomo.

Yapo pia makosa ambayo mteja hasamehi, hasa akiwa hana dobi mwingine wa kukulinganisha naye. La kwanza ni nguo kupotea. Zihesabu mbele yake, andika idadi na madoa kwenye risiti, kisha kila nguo ishonee kipande cha utepe chenye namba ya risiti, iliyoandikwa kwa wino usiofutika. Usitumie pini ya chuma: ikishika kutu huacha doa la kahawia, na shati lenyewe utalilipa.

Waigaji watakuja, tena baada ya wewe kugharamika kuwafundisha watu. Utafiti wa wataalamu wa masoko Golder na Tellis uliochapishwa mwaka 1993 ulikuta kwamba asilimia 47 ya waanzilishi wa masoko waliowachunguza walishindwa. Usitumie mtaji wako kutangaza kwa mji mzima. Uza kadi ya mizigo minne inayolipiwa mapema kwa punguzo dogo. Mwenye mizigo miwili iliyobaki kwenye kadi hahami haraka.

Kwenye daftari weka safu moja ya mzigo wa kwanza na nyingine ya mzigo wa pili. Wiki ya nane ikifika, hesabu wangapi wa safu ya kwanza wamo kwenye ya pili. Wakiwa chini ya nusu, usichapishe vipeperushi vingine. Wapigie ambao hawakurudi, mmoja mmoja, uwaulize nguo zao za wiki iliyopita zilifuliwa na nani.